Wimbo wa Kutolea Mwili

Mwezi uliopita mwanangu, ambaye mikono yake haijawahi kutulia tangu azaliwe, alilivuta lile boksi jeusi kutoka nyuma ya makoti akalifungua sebuleni bila ruhusa ya mtu. Mimi nilikuwa jikoni nakatakata vitunguu, na hata vitunguu havikuweza kuizuia ile harufu. Ni harufu ya utomvu mkavu wa msonobari, kile kipande cha rangi ya asali tunachosugulia nywele za upinde ili zishike nyuzi. Mama yangu, aliyekuwa amekuja kututembelea, aliacha kuchambua mchele akainua kichwa.

"Ile viola yako!" akasema. "Hebu mpigie mtoto ule wimbo wa babu yako."

Nikamwambia nyuzi zimeoza. Hazikuwa zimeoza. Nilikuwa nimezibadilisha mwenyewe mwaka huo huo, maana viola bado naipiga, ila wimbo ule sijaupiga tangu nikiwa na miaka kumi na miwili, na sababu yake sikuwahi kumwambia mtu, hata mume wangu.

Viola, kwa asiyeijua, ni dada mkubwa wa fidla: mnene kidogo, sauti nzito, na hakuna mtoto anayeichagua kwa hiari. Mimi nilipewa kwa sababu siku ya kugawa vyombo shuleni nilichelewa basi, nikakuta fidla zimekwisha. Tulikuwa tunakaa Burnsville, ghorofa ya tatu, kwenye zile nyumba za kupanga ambazo mazulia yake yana harufu ya chakula cha kila aliyewahi kuishi humo. Baba alikuja Minnesota kama mwanafunzi, akamaliza, akapata kazi ya maabara huko Hopkins. Mama alikuwa akiwahudumia wazee kwenye nyumba moja ya kulelea wazee pale Savage, pamoja na rafiki yake Mama Neema. Watoto tulikuwa mimi peke yangu.

Majira ya baridi ya mwaka ninaousema, Babu alikuwa mgonjwa. Huyu ni baba yake mama, mwalimu mstaafu wa kule Muheza, aliyeongoza kwaya ya kanisa lao kwa miaka mingi kuliko umri wa mama. Nilikuwa nimemwona mara moja tu. Alinisimamisha mbele yake, akanipima kwa macho, akaniuliza kama Marekani wanafundisha solfa. Niliposema sijui solfa ni nini, alimgeukia mama na kumtazama kana kwamba nimeletwa kwake bila viatu.

Mama hakuweza kwenda kumwona. Karatasi zetu zilikuwa bado zinashughulikiwa, na wakili alishasema wazi: ukitoka sasa, kurudi usahau. Kwa hiyo mama alinunua zile kadi za simu za kukwangua, akawa anasimama kando ya friji na kadi moja mkononi, anabonyeza tarakimu ndefu, halafu anapiga kelele kwa dakika kumi kana kwamba Muheza iko ng'ambo ya maegesho. Alikuwa na presha. Kila baada ya simu alikaa, akajipima kwa kile kimashine, na mimi na baba tulinyamaza mpaka kimalize kuvuma.

Basi ndani ya hali hiyo mwalimu wetu wa okestra, Bwana Lindquist, akatugawia nota mpya kwa ajili ya tamasha la mwezi wa tatu. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye sweta moja. Alitueleza kwamba zamani huko Uingereza walikuwepo watu wa mjini waliozunguka vijijini na madaftari, wakiwaomba wazee wa mashambani waimbe nyimbo zao, nao wakiziandika. Baadaye watunzi wakazichukua zile nyimbo wakaziandikia okestra nzima, filimbi na tarumbeta na ngoma kubwa. Muziki wetu ulikuwa na sehemu tatu, na kila sehemu ilijengwa juu ya wimbo mmoja wa namna hiyo. Wa pili, akasema, ulikuwa wimbo wa wavunaji wanaorudi nyumbani jioni na kiu. Ulianza na viola moja, peke yake, okestra nzima ikiwa kimya, kwa mistari minne. Alinitazama mimi. Nilifurahi, na naona haya kidogo kukumbuka nilivyofurahi.

Jioni ile nilisimama katikati ya sebule nikaanza kuusoma ule wimbo kwenye nota. Mama alikuwa anakunja nguo. Nilipofika mstari wa pili nikasikia sauti yake ikinifuata kwa solfa, chini chini, bila yeye mwenyewe kujua: so, do, re, mi. Nikafurahi zaidi. Halafu akakatika. Akashika shati la baba bila kulikunja.

"Huo umeupata wapi?"

"Shuleni," nikamjibu kwa Kiingereza, kama tulivyozoea, yeye Kiswahili, mimi Kiingereza.

"Usiupige tena humu ndani."

"Lakini ndio niliopewa. Napiga peke yangu!"

"Rehema. Nimesema. Huo hauimbwi mpaka kuna mtu wa kutolewa." Kisha, kwa sauti ndogo, kama mtu asiyeweza kujizuia, "Na tena unaukimbiza."

Nilimwendea baba chumbani kumuuliza mtu wa kutolewa ni nani. Alivua miwani. Akaniambia kwamba kijijini kwa kina mama wimbo ule una kazi moja tu. Mtu akifa, jeneza linapoinuliwa ndani ya nyumba kupelekwa kanisani, Babu alikuwa anatoa sauti na kwaya inauimba mpaka mwili utoke mlangoni na kushuka njiani. Siku nyingine hauguswi. Watoto wakiuchezea wanafinywa. "Na sasa Babu anaumwa," baba akasema, "kwa hiyo mwelewe mama yako."

Nilimwelewa vibaya kabisa. Mtu mzima alisikia habari ya heshima. Mimi nikasikia habari ya nguvu: kwamba upo wimbo unaotoa watu majumbani, na ukiuimba wakati hakuna maiti, utajitafutia. Na aliyekuwa karibu zaidi na mlango, kwa hesabu yangu, alikuwa Babu.

Kesho yake darasani niliinua mkono nikasema wimbo huu si wa Waingereza, ni wa babu yangu. Wenzangu walicheka. Bwana Lindquist hakucheka, akasema labda babu yangu naye aliupenda, na hilo liliniudhi kuliko kicheko. Leo najua wamisionari waliuvusha bahari ndani ya kitabu cha tenzi, wavunaji na kiu yao wakiwa wamefutwa. Lakini hata leo, mtu akiniambia ule ni wimbo wa Kiingereza, kuna kitu kifuani kinachosema, thubutu.

Nilimwomba mwalimu ampe Kelsey, jirani yangu wa kiti, mistari ile. Akaniuliza kwa nini. Sikuweza kumweleza mzungu mwenye sweta kwamba nikipiga nitamuua babu yangu. Nikasema naona aibu. Akanipigapiga begani, akasema aibu itaisha nikifanya mazoezi, na kwamba Jumatano atanisikiliza peke yangu.

Hapo ndipo nilipojifanya mjanja. Mama alikuwa amesema humu ndani. Chini kabisa ya jengo letu kulikuwa na chumba cha kufulia, mashine nne na kiti kimoja cha plastiki, na chumba cha kufulia si ndani ya nyumba ya mtu yeyote. Jumanne jioni, saa kumi na mbili, nilishuka na boksi langu nikamwambia mama nakwenda kumsaidia Kelsey hesabu. Nikafunga mlango. Mashine moja ilikuwa inazungusha mablanketi ya mtu. Nikaupiga wimbo wote, mara tatu, na mara ya tatu ulikuwa mzuri mno hata nikasahau kuogopa.

Jumatano Bwana Lindquist alipata dharura, hakunisikiliza; niliporudi kutoka shule nilimkuta baba ameshatoka kazini, na hiyo ilikuwa saa tisa mchana. Alikuwa ndani ya gari pale maegeshoni, madirisha yana ukungu, simu sikioni. Nilimpungia mkono hakuniona. Alipopanda juu alisema alikuwa anawasha gari lipate joto. Jioni akashuka tena kulipasha joto. Na mama alipotaka kupiga simu Muheza, simu ya mezani ilikuwa imekufa kabisa, haina hata mlio.

"Nitawapigia kesho hao wenye simu," baba akasema, bila kumtazama.

"Nipe basi mobail yako."

"Haina chaji."

Nilikuwa nimeuona ule waya wa simu. Ulikuwa umechomolewa ukutani, nyuma ya kabati, na ncha yake imezungushiwa vizuri kama mtu nadhifu afanyavyo, na nadhifu nyumbani kwetu alikuwa mmoja. Nikaelewa kwamba Babu amezidiwa na baba anatuficha. Nikaelewa pia ni nani aliyemzidisha. Mlango wa chumba cha kufulia haukuwa umezuia kitu.

Sijui niliziishije zile siku mbili. Nilihesabu na kuhesabu tena. Kama mara tatu zimemlaza kitandani, mara ya nne itamtoa. Na mara ya nne ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi ya rangi ya tamasha iliyobandikwa kwenye friji yetu, Ijumaa, saa moja jioni. Mama alikuwa ameomba ruhusa kazini wiki tatu kabla. "Nitaziba masikio kwenye huo mmoja," alikuwa amesema, "ila siwezi kukuacha upande jukwaani peke yako."

Ijumaa baada ya shule nilijifungia bafuni na kopo la mafuta ya mgando. Kila nyumba ya Kiafrika Minnesota ina kopo hilo, la ukubwa wa sufuria, maana baridi ya kule humfanya mtoto awe na rangi ya majivu na mama yake aonekane hamtunzi. Nilichota kwa vidole viwili nikaupaka upinde, nywele zote, kutoka ncha hadi kishikio. Upinde wenye mafuta haulii. Unateleza juu ya nyuzi kimya. Mpango wangu ulikuwa nisimame mbele ya watu, nivute, kisitoke kitu, nionekane mjinga, na Babu awe mzima.

Nusu saa kabla ya tamasha Bwana Lindquist alipita kati ya viti akisikiliza kila mtu anavyolinganisha nyuzi. Akasimama kwangu. Alinitazama nikivuta kimya. Akachukua upinde, akapitisha kidole, akanusa. Nilingoja anigombeze. Akaenda kwenye boksi lake mwenyewe, akatoa upinde wake, akausugua utomvu mpya mpaka ukatoa vumbi jeupe, akanikabidhi.

"Sijui unaogopa nini," akasema, "lakini nitakuwa pale mbele yako. Nenda kwa mwendo unaoweza. Sisi tutakufuata."

Ndiyo maana ile harufu. Vumbi lile liliniingia puani, na nikajua sina tena pa kujificha.

Tulipokaa jukwaani niliwatafuta mama na baba. Niliwaona mara moja, kwa sababu hawakuwa peke yao. Mama Neema alikuwa kushoto kwa mama, bado na sare ya kazi. Nyuma yao safu nzima ilikuwa ya watu wetu, na ile ya nyuma yake pia, Watanzania na Wakenya wa kanisani, akina mama wa Kiislamu wa jengo la pili na hijabu zao, wanaume waliotoka kazini na makoti mapajani. Mwenzenu nikadhani wamekuja kwa ajili yangu. Nilidhani baba amewatangazia kwamba binti yake anapiga peke yake. Nikaona mama anageuka anamwambia Mama Neema kitu na kucheka kwa fahari, na moyo ukaniuma: nisipopiga namwaibisha mbele ya ukoo wote aliobaki nao huku, nikipiga namuulia baba yake.

Sehemu ya kwanza ilikwisha, sijui nilipiga nini. Kimya kikaja. Bwana Lindquist akanitazama, mikono chini, anangoja. Nikamtafuta baba. Alikuwa ananitazama kumbe, macho mekundu, na aliponiona nasita akaitikia kwa kichwa mara moja: piga. Na mimi nikajiambia, baba anajua kuliko mimi. Kama yeye amekubali, basi liwe.

Mkono ulikuwa unatetemeka, kwa hiyo nilivuta polepole ili usijulikane. Polepole zaidi kuliko kule chumba cha kufulia. Mstari wa kwanza ukatoka mzima. Kwenye wa pili niliinua macho, na mama hakuwa ameziba masikio.

Alikuwa anasikiliza, tabasamu bado liko usoni limesahauliwa. Halafu nikaona anamtazama Mama Neema na ile sare yake, Mama Neema ambaye hajawahi kuacha zamu ya Ijumaa. Akageuka nyuma, akaipitia ile safu mtu mmoja mmoja. Hakuna aliyeweza kumtazama. Mwisho akamtazama baba, na baba akainamisha kichwa. Mama akageuka mbele, akanitazama mimi. Hakulia. Alinyoosha mkono kwa Mama Neema, kiganja juu, bila kusema neno, na Mama Neema akafungua mkoba akatoa kanga. Mama akajifunika mabegani, akaikaza kifuani kwa mikono miwili, akakaa wima mpaka nikamaliza mstari wa nne na okestra yote ikaingia.

Nikajua Babu amekufa. Nikajua nimemuua, na nikaendelea kupiga kwa sababu sikujua jinsi ya kuacha.

Mengine nilijazwa baadaye. Babu alikuwa amefariki alfajiri ya Jumatano. Ijumaa saa nane mchana ya Muheza, sisi bado hatujaamka, wakawa wameshamzika. Baba na watu wazima walipanga mama asiambiwe kwa simu, na asiambiwe akiwa peke yake, kwa ajili ya presha, na kwa hofu kwamba angetaka kusafiri, asiweze kurudi, atuache njia panda. Wangemwambia Ijumaa jioni nyumbani, watu wakiwa wamejaa. Lakini mama alikataa kukosa tamasha, ndipo wakaamua kumfuata ukumbini wamzunguke, halafu waondoke naye pamoja. Msiba ulikaa kwetu siku nne. Baba alisamehewa baada ya miezi, na nadhani si kwa yote.

Mimi nililala na hesabu yangu. Jumanne saa kumi na mbili jioni ya Burnsville ni saa tisa usiku ya Muheza. Alfajiri Babu akakata roho. Hakuna aliyeniambia nimekosea hesabu, kwa sababu hakuna aliyejua ninahesabu. Unakua, unasoma, unacheka ushirikina wa watu wengine, na bado kuna wimbo mmoja mkono wako unaukwepa.

Basi mwezi uliopita, mama aliposimama sebuleni kwangu na ungo wa mchele kiunoni, akaigusa viola na kusema hizi nyuzi mbona nzima, nikamwambia. Nilimwambia yote, chumba cha kufulia, mablanketi, kopo la mafuta. Nilikuwa nimetarajia acheke. Akakasirika.

"Miaka yote hii? Umebeba upuuzi huo miaka yote hii?"

"Nilikuwa mtoto, mama."

"Sasa si mtoto!" Akaweka ungo chini, mchele ukaruka. "Nisikilize. Mimi baba yangu sikumuuguza. Sikumwosha, sikumwona, sikutupa udongo. Watu wengine wote walimtoa, mtoto wake sikuwepo. Nimekaa kwenye kiti cha shule na koti la baridi, hata sijaambiwa, halafu unatoka ule wimbo, na unakuja kwa mwendo wake, ule wenyewe alioutaka yeye. Nikajua, na papo hapo nikapata kumsindikiza. Nisingekuwa na wimbo ule nisingekuwa na kitu. Tangu siku ile kwangu si wa kuogopwa tena, ni wake. Na wewe unaniambia ulikuwa unamuua?"

Nililia, mtu mzima mimi, mikono inanuka vitunguu, na mwanangu akanitolea macho.

Mama aliniacha nikalia kwa muda wake. Kisha akaninyooshea upinde.

Nilisugua utomvu. Nikasimama katikati ya sebule kama jioni ile. Mama akasafisha koo akanitolea sauti ya kuanzia, so, ndefu, bila kuyumba, kama baba yake alivyokuwa akiitoa. Nikaanza. Na nadhani hofu ilikuwa bado ipo, maana sikufika mbali kabla hajanigusa kiwiko.

"Polepole," akasema. "Watu wamebeba."